Vitenzi Vyenye Mkia na Mtihani wa Ufomani

Siku ya kwanza nilipoingia yadi ya mizigo Changamwe, nilitwikwa gunia kabla sijajibiwa salamu. Nyapara wa ghala, yaani mkubwa wa makuli, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kusikika kuvuka reli. Nilimwamkia, "Shikamoo." Yeye akaniangalia mabega, uso hakuutazama.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu."

"Na kubeba umesoma mpaka wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaashiria kwa kidole, gunia la kahawa likatua mgongoni mwangu, na nilipolifikisha ndani ya ghala bila kuyumba akasema, "Marahaba. Jina lako nani?"

Nikamwambia Nassoro, wa Shika Adabu, Likoni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na nyumbani baba yangu alikuwa na hakika kwamba baada ya wiki nitarudi kwenye minazi na mihogo yake. Sikurudi. Niliondoka yadi ile nikiwa fomani, na ufomani huo nusura uniponyoke kwa sababu ya mtihani mmoja wa Kiingereza. Nawaandikia habari zake nyinyi vijana ambao kila siku mwaambiwa kwamba mtu bila cheti si mtu. Someni, sikatazi. Lakini nisikilizeni na mimi.

Kuli mzuri hakai kuli. Nyapara alipoona sivunji mizigo wala sikimbii jua, alinitoa ghalani akanipeleka kwa wafungaji. Hao ndio wanaoufunga mzigo kwa slingi kabla haujanyanyuliwa na kreni. Slingi ni mshipi wa waya au mnyororo wenye miguu miwili au minne, na mtu asiyejua hudhani kufunga ni kufunga tu. Si kweli. Miguu ya mnyororo ikitanuliwa sana, mnyororo huumia kuliko uzito wenyewe wa mzigo. Nyapara alikuwa akitupitia nyuma na kusema, "Mzigo una tumbo. Litafuteni tumbo lake kwanza, ndipo mfunge." Maana yake tutafute pale uzito ulipokaa. Mashine inaweza kuwa ndefu na uzito wake wote uko upande mmoja. Ukiifunga katikati kwa macho, itakwenda juu kichwa chini, na wewe utakwenda nyumbani umebebwa.

Baadaye nikawa mtoa ishara. Hapo ndipo nilipoanza kujiona. Mtoa ishara husimama pale ambapo dereva wa kreni amuona, na dereva hatii mkono wa mtu mwingine yeyote, hata akiwa meneja. Kidole juu kikizunguka, inua. Kidole chini kikizunguka, shusha. Ukifumbata mikono miwili mbele ya tumbo, kila kitu kisimame kama kilivyo. Dereva wangu alikuwa Kalume, Mgiriama wa Mishomoroni, na mimi Mdigo, basi utani ulikuwa haki yetu. Akiwa kule juu kibandani alikuwa akiniita "mpiga ngoma asiye na ngoma". Nami nilikuwa nikimwita "ndege wa kulishwa", kwa kuwa chakula chake tulikuwa tukimpandishia kwa kamba. Lakini miaka yote hiyo tuliyofanya kazi pamoja hatukuangusha mzigo hata mmoja, na hatukuhitaji neno.

Kisha makontena yakazidi, kreni mpya ikaja, na redio za mkononi zikaja nayo. Fomani wetu wa zamani akastaafu kwao Taita. Nikawekwa mimi kuishika kazi yake, nikaishika mwaka na zaidi, mshahara wa mtoa ishara na lawama za fomani. Nikaenda kwa Meneja wa Yadi. Huyu alikuwa mtu wa bara, msomi, mwenye haki. Akiniamkua alikuwa akisimama, na hilo sikulisahau.

"Nassoro," akaniambia, "kazi waijua kuliko mimi. Lakini fomani huzungumza kwa redio na simu na watu wa meli, na hao ni Kiingereza. Makao makuu wameweka mtihani wa mdomo. Ukipita, nafasi ni yako. Ukianguka, wataleta mtu kutoka Nairobi."

"Nitaulizwa nini? Minyororo?"

"Minyororo wajua. Utaulizwa misemo ya Kiingereza, na vile vitenzi vyao vyenye maneno mawili. Watu wa meli huzungumza hivyo, na mtu asiyevijua hupotea."

Nikasema sawa. Nilipotoka nje Kalume akaniuliza nimeambiwa nini. Nikamwambia. Akasema, "Basi tumpokee mgeni wa Nairobi vizuri. Wewe na Kiingereza ni kama mimi na kupiga mbizi."

Maneno hayo yaliniuma, ndiyo maana jioni ile ile nilivuka feri nikapitiliza mpaka Bofu, kwenye darasa la watu wazima la Mwalimu Atieno. Mwalimu huyu alitokea Kisumu, akifunza watoto wadogo asubuhi na sisi wazee jioni, katika chumba kile kile, juu ya viti vile vile. Nilikaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka mitano, magoti yamefika masikioni.

"Baba, wataka nini?" akaniuliza.

"Nataka ufomani."

"Hapa hakuna. Hapa kuna Kiingereza."

"Basi nipe hicho, ufomani nitautafuta mwenyewe."

Tukaelewana tangu hapo. Yule mama hakuwa na maneno ya kubembeleza, na mimi sikuwa na moyo wa kubembelezwa.

Vile vitenzi yeye aliviita "phrasal verbs". Mimi nikaviita vitenzi vyenye mkia, na nilivielewa kabla ya wenzangu wote kwa sababu hii: sisi Waswahili tuna funga, fungua, fungia, fungana, fungisha. Mkia umeota mwilini mwa neno. Mwingereza mkia wake ameukata, akaufunga kamba, wamfuata nyuma kama mbuzi. Basi "put" ni kuweka. Mkia ukiwa "off", umeahirisha. Mkia ukiwa "out", umezima moto. Na kuna "put up with", mbuzi wawili nyuma ya bwana mmoja, maana yake umevumilia. Mwalimu Atieno alipotufunza hicho nikamwambia, "Hiki nakijua, nimeoa." Darasa zima likaangua kicheko. Yeye akangoja tunyamaze, akasema, "Mkeo naye akija hapa, nitamfunza hicho hicho."

Kukumbuka ndiko kulikokuwa na taabu. Kichwa changu hakikuzoea kushika kitu ambacho mkono haujakishika. Basi nikavipeleka vitenzi yadini. Kila asubuhi kabla kreni haijaanza kazi, kulikuwa na muda wa kuijaribu bila mzigo. Nilikuwa nikisema kitenzi kwa redio huku natoa ishara yake, na Kalume anafanya. "Pick up," kidole juu. "Put down," kidole chini. "Hold on," mikono imefumbatwa. "Slow down," ishara ya kiganja kikipapasa hewa polepole. Makuli wote wakakusanyika wakitamka pamoja nami. Hivyo vya kazi vilikwisha kwa siku chache. Tulipofika kwa vile vya tabia za watu, mambo yakawa magumu.

"Look up to," nikasema redioni.

Kreni kimya. Kisha sauti ya Kalume, "Hiyo nikuinulie nini?"

"Hakuna cha kuinua. Ni kumheshimu mtu."

"Basi tafuta mtu kwanza, nami nitamheshimu."

"Look down on. Kumdharau mtu."

"Hiyo nafanya kila siku. Niko huku juu, nawaona vichwa."

Wallahi nilivishika vitenzi vile kwa kucheka. Mpaka leo nikisikia "give up" mkono wangu wataka kwenda juu, ingawa maana yake ni kukata tamaa.

Misemo niliipeleka nyumbani. Mke wangu, Mama Riziki, hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini katika methali hapana wa kumshinda, Likoni yote. Nanyi mlio wa Pwani mwajua tunavyozisema. Kwetu methali ina wenyewe wawili. Mimi nasema, "Mstahimilivu," nanyamaza. Wewe wajibu, "Hula mbivu." Ukiisema yote peke yako mbele ya mtu mzima, umemfanya mjinga, kama kwamba hakufunzwa kwao. Ni sawa na kumlisha tonge mtu mwenye mikono yake.

Basi na misemo ya Kiingereza tukaifanya vivyo hivyo. Nilimsomea Mama Riziki kila msemo na maana yake mara moja, naye hakuhitaji ya pili. Asubuhi nikitia mguu uani yeye yuko kwenye karai la mahamri, nasema ule wa asiyeonekana husahauliwa, "Out of sight." Hageuki. "Out of mind. Chukua la moto hilo." Nikirudi jioni, kabla ya hodi, nasema ule wa aliyeumwa na nyoka, "Once bitten," na ndani najibiwa, "Twice shy, vua viatu." Majirani wakasikia, nao wakaingia. Mama mmoja muuza maharagwe alikuwa akinipigia kelele kutoka ng'ambo ya njia, "Baba Riziki! Make hay!" Nami namjibu, "While the sun shines!" Nyasi kavu yenyewe, ya kuanikwa jua lingali likiwaka, hakuna aliyepata kuiona, wala hakuna aliyejali. Mtaa wetu ulikuwa na raha mwaka ule.

Siku ya mtihani nilivaa kanzu ya Ijumaa na koti juu yake. Mtahini alitumwa na makao makuu, mtu wa makamo, tai shingoni, wa bara. Alikaa ofisini kwa Meneja, karatasi mbele yake. Alianza na vitenzi. Nilimjibu kimoja baada ya kimoja, mikono yangu ikienda juu na chini chini ya meza. Nilimuona akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akafika kwenye misemo. Akaniuliza kwa Kiingereza: mfanyakazi ameona mnyororo una ufa mdogo, hakuutengeneza, sasa umekatika. Utamwambia msemo gani?

Nikafurahi sana. Nikasema, "A stitch in time," nikanyamaza kwa adabu, nikamtazama.

Naye akanitazama.

Tukakaa hivyo. Feni ikazunguka. Nikamwinamishia kichwa kidogo, kumkaribisha. Akaandika kitu, akaniuliza mwingine, wa mtu anayehesabu faida kabla haijaja. "Don't count your chickens," nikasema, nikangoja. Akakohoa. Hakumalizia. Nikaingiwa na huruma. Nikasema moyoni, huyu maskini wamemtuma kutahini misemo naye haijui. Ningeweza kummalizia, lakini ningemvunjia heshima ofisini mwa mtu, na Meneja yuko mlango wa pili asikia. Nikamsitiri. Kila alichouliza nikampa nusu yake iliyo sahihi kabisa, nikamwachia nusu yake yeye. Hakuchukua hata moja.

Nilitoka pale nikitembea kama bwana harusi. Jioni nikamweleza Mwalimu Atieno. Nikamwambia, "Nimepita. Lakini mtahini wao, Mwalimu, aibu. Misemo hajui hata mmoja."

Akaweka chaki chini. "Hajui vipi?"

"Nimemwanzia yote. Hakumalizia hata wa dawa."

"Ulimwachia nusu?"

"Ulitaka nimtukane?"

Mwalimu akakaa kwenye kile kiti cha mtoto, akafunika uso kwa viganja. Nilidhani alia. Mabega yalipomtikisika nikajua acheka. Alipopata pumzi akasema, "Baba Riziki, yule hakuja kutahiniwa. Wewe ndiye uliyekuwa ukitahiniwa."

Matokeo yalikuja wiki iliyofuata. Meneja aliniita, akasimama kama kawaida yake. "Vitenzi umepita vizuri sana. Misemo umeanguka. Ameandika kwamba waanza kila msemo na huwezi kuumaliza. Mtu wa Nairobi ameshatajwa. Lakini mtahini atarudi mwezi ujao kwa ajili ya yadi nyingine. Nikimwomba akuone tena, utakalia mtihani?"

Kalume alipopata habari hakunitania. Hilo ndilo lililonitisha. Mtani wako akikuonea huruma, jua hali ni mbaya. Nilifikiria kukataa. Nilikuwa nimejua kila msemo, na kuambiwa sijui lilikuwa tusi. Mama Riziki ndiye aliyenikata kauli. "Wewe huendi kumsemesha mtu mzima," akaniambia. "Waenda kuonyesha mizigo. Fungua gunia, umwage lote aone. Heshima utamfanyia mlangoni ukitoka." Na mwezi ule wote alikataa kunimalizia. Nikisema "Out of sight", ananyamaza, aendelea kukanda unga, mpaka niseme mwenyewe mpaka mwisho. Nyumba ilikuwa kama imefiwa. Muuza maharagwe akaja kuuliza kama tumegombana.

Nikaukalia mtihani mara ya pili. Mtahini yule yule, tai nyingine. Akaniuliza, nami nikafungua gunia. "A stitch in time saves nine." "Don't count your chickens before they are hatched." Kila nilipomaliza nusu yake nilihisi uso wangu wapata moto, kama nimepiga mluzi msikitini. Nilimaliza yote. Akaangalia karatasi ya zamani, akaniangalia mimi.

Akauliza, kwa Kiingereza bado, kwa nini safari ile miisho ilinipotea.

Hapo hapakuwa na msemo wa kunisaidia. Nikamjibu kwa Kiingereza changu mwenyewe, "Sir, I did not run out of words. I was holding on for you." Yaani maneno hayakuniishia, nilikuwa nakungoja wewe. Nikamweleza desturi yetu yote, mikono yangu juu ya meza sasa, kwamba kwetu msemo huchangiwa, na kwamba nilidhani yeye hajui, nikaona nimsitiri asidharauliwe. "I did not want the people to look down on you," nikamwambia. Nilizungumza muda mrefu kuliko nilivyowahi kuzungumza lugha ile.

Mtahini akaweka kalamu. Akasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza, "Kumbe ulikuwa unanistahi?"

"Naam, bwana. Hata nilikuombea."

Alicheka mpaka Meneja akafungua mlango kuona kuna nini. "Kwetu," mtahini akamwambia, huku akijifuta macho, "mtu akiacha sentensi nusu twamwitia daktari." Akarudi kwangu. "Mzee, misemo umepita. Na hayo uliyonieleza sasa hivi ndiyo mtihani niliotaka kuusikia tangu mwanzo. Fomani anayeweza kujieleza hivyo kwa redio, meli haitamshinda."

Hata leo nasema safari ya kwanza sikukosa. Nilikuwa na adabu mahali pasipoiuliza, basi. Mtu wa Nairobi alipelekwa yadi nyingine, na nasikia alifanya kazi vizuri.

Siku niliyokabidhiwa kofia nyeupe ya fomani, Mama Riziki alipika pilau, muuza maharagwe akaleta maharagwe bila kuulizwa, na Mwalimu Atieno akaja kutoka Bofu na mkufunzi mzima wa vigelegele ndani yake ambaye hatukumjua. Kesho yake asubuhi nikashika redio, nikampa Kalume amri yangu ya kwanza ya ufomani, kwa Kiingereza safi. Kreni haikusogea.

"Kalume, hunisikii?"

"Nakusikia, Fomani. Lakini redio yaweza kuwa ya mtu yeyote. Inua mkono. Mkono naujua wa nani."

Nikainua. Akanyanyua mzigo.

Nilifanya kazi ile mpaka mwishoni mwa miaka ya tisini. Nimeagana na mameneja, wengine wenye digrii, wengine wenye majivuno tu, na nilizungumza na manahodha wa mataifa nisiyoweza kuyataja, kwa vitenzi na mikia yake yote. Vijana waliokuja chini yangu niliwafunza tumbo la mzigo kwanza, Kiingereza baadaye, na vyote viwili niliwaambia ni kitu kimoja: kishike kwa mkono wako mpaka kikutii. Aliyenifunza mimi hakunidharau kwa darasa la tatu, nami sikumdharau aliyekuja na chuo kikuu, ila mnyororo aliufunga mbele ya macho yangu kabla sijamruhusu kuondoka.

Sasa nimestaafu, nikienda mahali kutaka huduma, msichana nyuma ya meza huniuliza elimu yangu. Namwambia aandike darasa la tatu. Huniangalia kwa huruma. Kisha huuliza kazi niliyofanya. Namwambia aandike fomani, na ninangoja mpaka nione ameiandika.